Kumsemea Farasi wa Miaka Mitatu

Baba yangu alipoteza macho kidogo kidogo, kama mtu anayeuza vyombo vya nyumba bila majirani kujua, na kwa miaka miwili niliyejua ni mimi tu. Daktari alisema ni presha ya macho. Baba alisema ni uchovu. Ndani ya nyumba yetu ya Buyenzi alitembea bila kugonga kitu, maana ameishi humo tangu kabla sijazaliwa, na njiani alinishika kiwiko kama mzee anayeringia binti yake. Watu wakasema, tazama wanavyopendana. Nami nilitabasamu huku namwambia chini kwa chini: jiwe, baba. Mtaro, baba. Pikipiki hiyo, ngoja ipite.

Mimi ni kitinda mimba wake. Nilirudi nyumbani kutoka Kanyosha baada ya ndoa kunishinda, nikiwa na cherehani moja na hasira za karibu. Mama alikuwa ameshafariki. Tukabaki wawili, mimi nikishona sare za wanafunzi, yeye akisikiliza redio na kungoja Jumapili.

Jumapili ndiyo siku ya farasi. Najua mtu wa mbali atashangaa: Bujumbura na farasi wapi na wapi? Lakini baba alikuwa mtunza farasi. Alianza akiwa kijana katika kilabu moja ya Wazungu, akawalisha, akawasugua, akawashika miguu wakipigwa viatu, akalala nao zizini wakiugua tumbo. Kazi hiyo ilimlea yeye na sisi wote kwa zaidi ya miaka thelathini. Kisha Wazungu wakapungua, farasi wakapungua, mwishowe kukabaki harufu tu, na baba akakaa nyumbani Buyenzi na ujuzi ambao hakuna aliyekuwa na haja nao, isipokuwa watu watatu.

Wa kwanza ni fundi wa pikipiki, mwenye gereji kwenye kona yetu. Ndani ya gereji, chini ya bati, ana televisheni inayoshika mbio za farasi za Ufaransa. Wa pili ni karani mstaafu wa serikali, Mkatoliki wa Gihosha, mtaa wa juu mlimani, ambaye hushuka kila Jumapili baada ya misa akiwa bado na tai shingoni, mkononi karatasi yenye orodha ya farasi wa siku hiyo. Wa tatu ni muuza nyama, Mwislamu kama sisi, mwenye mdomo mkubwa na kicheko kikubwa zaidi. Huyo alikuwa mpinzani wa baba. Miaka kumi na tano walipingana kila Jumapili, na sijawahi kuona watu wawili wanaohitajiana namna ile.

Hawakucheza kamari. Baba na muuza nyama ni watu wa msikiti, na karani mke wake angemfukuza. Walichofanya walikiita kumsemea farasi. Kwetu huku, familia ikienda kuposa hupeleka msemaji, mtu anayejua kupanga maneno, naye husimama mbele ya wakwe na kumsifu kijana wao mpaka wakubali. Upande wa pili nao una msemaji wake, ambaye kazi yake ni kukataa, kudharau, kuuliza huyu kijana ana nini cha ajabu. Basi pale gereji kila mmoja alichagua farasi wake, akasimama, akamsemea kama anaposa, na wenzake wakamkataa. Baada ya hapo mbio zilifanyika na mmoja alirudi nyumbani kifua mbele. Hakuna zaidi. Huo ndio ulikuwa utajiri wa baba.

Palikuwa na sharti moja: huwezi kumsemea farasi ambaye hukumwona. Kabla ya mbio, farasi huzungushwa kwenye kiwanja kidogo cha nyasi ili watu wawatazame, na televisheni huwaonyesha mmoja mmoja. Hapo ndipo unachagua. Sharti hilo aliliweka baba mwenyewe, zamani, alipokuwa na macho, kwa sababu ya karani aliyependa kusema kwa kufuata karatasi tu. "Karatasi haina miguu," baba alimwambia. Nadhani hakuna siku alizoijutia kauli yake kama zile za mwisho.

Kwa hiyo tulikuwa na mpango wetu. Nilikaa kando yake kwenye benchi, nikishona vifungo ili nionekane nina shughuli, na nikamnong'oneza. Alikuwa amenifundisha cha kutazama. Masikio: yamesimama au yamelala? Hatua: mguu wa nyuma unakanyaga mbele ya alama ya mguu wa mbele, au unafika nyuma yake? Kichwa: kimetulia au kinarushwa? Ngozi: inang'aa au imefifia? Na kitu kimoja alinikataza kabisa, kwa sababu mwanzoni nilimchosha nacho, mwekundu huyu, mweusi yule, huyu ana doa jeupe usoni.

"Mama," aliniambia, maana wazee wa kwetu huwaita binti zao hivyo, "usiniambie rangi. Rangi haikimbii. Niambie mwili tu."

Na tulikubaliana jambo jingine, hilo bila kulisema. Sitamdanganya kamwe. Nikiona vibaya ni vibaya, lakini nitamwambia nilichoona.

Mwaka huo, Jumapili ya mbio kubwa ya farasi wa miaka mitatu, tuliamka na ugomvi. Mbio hiyo kwao ilikuwa kama Idi. Farasi wa damu safi huikimbia mara moja tu maishani, akiwa na miaka mitatu kamili. Mwaka unaofuata ameshapitwa. Baba alikuwa hajalala vizuri kwa kuisubiri. Mimi nilikuwa nimechoka. Usiku nilikuwa nimemkuta uani anapapasa ukuta, ameupoteza mlango wa choo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Asubuhi nikamwambia, wakati namwekea chai, kwamba umefika wakati wa kuwaambia wenzake.

"Niwaambie nini?"

"Kwamba huoni, baba. Ni rafiki zako. Watakusaidia."

Aliiweka chini bilauri taratibu. "Mama, sikia. Siku watajua, watanipa kiti kizuri. Watanipa juisi. Watasema, mzee apumzike. Mi sitaki kupumzika. Siku iyo mi nabaki nyumbani, na nikibaki nyumbani munizike tu."

Nilinyamaza. Lakini sikunyamaza vizuri. Niligongesha sufuria, nikafagia uwanja kwa hasira mpaka vumbi likampata. Nalisema hili kwa sababu nimejiuliza mara nyingi kama macho yangu siku ile yalikuwa yamejaa hasira yangu.

Ilikuwa kiangazi. Milima ya Kongo ilikuwa imefunikwa na ukungu wa vumbi. Mafuta hayakuwapo mjini kwa wiki kadhaa, na gereji ya fundi ilijaa pikipiki zilizolala kama mbuzi wagonjwa. Karani alishuka kutoka Gihosha kwa miguu, tai ikiwa imelowa jasho, na bado aliikunjua karatasi yake kama mtu anayesoma amri ya serikali. Swala ya alasiri ilikuwa imekwisha. Saa zetu na saa za Ufaransa wakati ule wa mwaka ni zile zile, jambo ambalo baba alilifurahia kila mara: mbio ya saa kumi kwao ni saa kumi kwetu.

Wakaanza kuichambua. Namba tatu alikuwa ameshinda mbio zake zote, lakini fupi. Je, ataweza kilomita mbili na ushee? Karani akasema ataweza, baba yake aliweza. Muuza nyama akasema wako watoto wengi mjini hapa ambao baba zao waliweza. Namba kumi na moja alitoka Ayalandi, mwili mkubwa, amepangiwa kuanzia upande wa nje kabisa. Namba saba alikuwa hajulikani sana, amekimbia mara mbili tu.

"Miaka mitatu gani?" baba akauliza. Alikuwa amechangamka, shavu linacheka. "Wazungu wanawapa farasi wote siku moja ya kuzaliwa, mwezi wa kwanza tarehe moja. Kama kitambulisho yangu."

Wakacheka sana, kwa sababu hata kitambulisho cha muuza nyama kinasema hivyo hivyo. Nilimtazama baba akicheka na moyo wangu ukalainika. Nikajisemea, acha, nimchukue hivi hivi mpaka Mungu atakapopenda.

Farasi wakatolewa. Picha ya televisheni ya fundi si safi, ina michirizi, lakini inatosha. Namba tatu: masikio mbele, hatua ya kawaida. Namba tano: anarusha kichwa. Nilinong'ona, baba akatikisa kidole kimoja juu ya goti. Kisha akaja namba saba, na nikasahau kushona.

"Huyu anang'aa, baba."

"Kiasi gani?"

"Kuliko wote. Kama amepakwa mafuta. Shingo yote mpaka mapajani."

"Hatua?"

"Ndefu. Mguu wa nyuma unapita kabisa. Anatembea kwa haraka, wanamshika watu wawili."

"Ana hamu," baba alisema. "Masikio?"

"Yanacheza mbele na nyuma."

Katikati ya mapaja ya yule farasi, na mahali hatamu inapogusa shingo, palikuwa na weupe. Niliuona. Niliuona vizuri kama ninavyoiona karatasi hii. Nikadhani ni madoa yake, ngozi yake ndivyo ilivyo, na nilikuwa nimekatazwa kusema rangi. Sikusema.

Ilikuwa povu. Yule mnyama alikuwa amelowa jasho kwa woga, jasho limefanya povu kila mahali ngozi iliposuguana, na kung'aa kwake kulikuwa kung'aa kwa kitu kilicholowa. Hata karani, ambaye hajawahi kumgusa farasi, alijua hilo, kwa sababu baba ndiye aliyemfundisha. Mimi hakunifundisha. Siku zote alikuwa ameliona mwenyewe, na macho yalipoondoka alisahau kwamba hilo nalo linahitaji kusemwa.

Baba akasimama. Akaikunjua kanzu yake, akashika ncha ya benchi kwa namna ambayo ungedhani anajitengenezea nafasi tu.

"Wakwe zangu," alianza, "leo nimewaletea mutoto. Hamumujui, ni haki yenu. Amekimbia mara mbili tu, na mi naona iyo ni baraka, maana hajachoka. Muangalie ile ngozi! Iyo si brashi, wazee. Iyo ni damu muzuri, ni tumbo lenye kulala salama. Mi nimeshika farasi na mikono hii miaka makumi tatu, mara mbili tu ndiyo nimeona ngozi ya vile. Na anavyotembea! Ana hamu. Amejua leo ni siku yake. Namba saba, wakwe zangu. Tupeni binti."

Sijawahi kumsikia akisema vizuri namna ile. Sauti haikutetemeka. Uso wake ulikuwa umeielekea televisheni, au karibu na televisheni, kidogo kushoto, kwenye ukuta ambako fundi hutundika mipira ya magurudumu.

Kwenye televisheni namba saba alisimama kwa miguu ya nyuma, povu likamrukia mmoja wa wale wanaomshika.

Sasa ilikuwa zamu ya muuza nyama kukataa. Hiyo ndiyo kazi yake, na angepata wapi tena nafasi kama ile? Siku nyingine angecheka mpaka majirani waje. Nilimwona akifungua mdomo. Akaitazama televisheni, akamtazama baba, akaufuata uso wa baba mpaka kule ukutani ulikoelekea. Mdomo ukabaki wazi. Kisha akanitazama mimi. Nilitikisa kichwa mara moja. Nilikuwa namwomba, lakini hata sasa sijui nilikuwa namwomba nini.

Karani alivua miwani yake, akaanza kuifuta kwa tai.

"Tumesikia, mzee," muuza nyama akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, sauti ya kwenye matanga.

Baba alisubiri. Alibaki amesimama, tabasamu likiwa bado mdomoni, kichwa kimeinama upande kidogo. "Leo hakuna wa kunikatalia?"

"Umesema muzuri, mzee," fundi alisema.

"Kweli kabisa," akasema karani.

Baba akakaa. Nilimsikia akivuta pumzi. "Juu ya nini hawapingi?" aliniuliza sababu, kwa sauti ya chini, na mimi nikasema sijui, nikajikaza kisabuni, nikadunga sindano kwenye kifungo ambacho kilikuwa kimeshashonwa.

Mbio zilikuwa karibu kuanza. Farasi wanaingizwa mmoja mmoja kwenye vizimba vya chuma. Namba saba aligoma. Wakamvuta, wakamsukuma, wakamfunika kichwa kwa kitambaa. Alijitupa chini, akainuka akichechemea, na mtangazaji akasema kwa Kifaransa kwamba namba saba ameondolewa, hakimbii. Fundi aliruka kupunguza sauti, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Na baba, baada ya miaka yote ile kwa Wazungu, Kifaransa cha farasi ndicho anachokijua kuliko hata Kirundi cha nyumbani. Sikuthubutu kumtazama. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia juu ya magoti.

Wakakimbia wale waliobaki. Hakuna aliyepiga kelele. Namba tatu wa karani alishinda, na karani akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni.

Kisha baba akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya. Wangu amekuwa wa ngapi?"

Nilikuwa nafungua mdomo. Wallahi nilikuwa naufungua. Muuza nyama akaniwahi.

"Wa pili, mzee. Kwa pua tu."

"Alikuja na nguvu mwishoni," fundi akasema.

Karani alisema ndiyo, ndiyo, na kwamba kwa mita chache zaidi angechukua. Watu wazima watatu walisimama pale wakimvika baba yangu kilemba cha ukoka, macho yamewajaa maji, kila mmoja akidhani anafanya wema. Na ulikuwa wema, ndilo lililonichoma.

Baba akanigeukia. "Mama, ni kweli?"

Macho yake, ambayo hayakuwa na faida tena, yalinipata barabara, katikati ya uso. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Watatu wale walikuwa wananitazama. Nikafikiri, nikisema hapana nitawaumbua wao, na yeye pia, mbele ya wote. Hayo niliyafikiri, au niliyafikiri baadaye ili nijitetee.

"Ni kweli, baba."

Akatikisa kichwa mara kadhaa. Akainuka, akanyoosha mkono mbele yake, na wao wakaja kuushika mmoja baada ya mwingine, maana yeye hakuwatafuta. Hakujificha tena. "Asanteni," alimwambia kila mmoja. "Asanteni sana, mumenitunza."

Njiani hakunishika kiwiko. Alitembea kando ya kuta za majirani, kiganja kikipita juu ya matofali, juu ya mageti ya bati, na watu walikuwa nje kwa sababu ni Jumapili, wakaona. Nilimfuata nyuma nikilia bila kujificha. Kwenye kona yetu alisimama.

"Angenicheka," alisema. "Ule muuza nyama. Miaka yote amenicheka. Farasi hajakimbia hata hatua moja, na yeye ananipa wa pili." Akanigeuzia uso. "Na we pia."

Niliomba msamaha. Niliomba siku ile na siku zilizofuata. Alisema amenisamehe, na naamini amenisamehe, lakini hakuniuliza tena chochote ninachokiona. Jumapili iliyofuata nilimwekea kanzu safi kitandani. Aliigusa, akaikunja, akairudisha. Redio nayo ikanyamaza. Sasa anakula kidogo, analala mchana, na daktari anasema mwili hauna ugonjwa mpya.

Rafiki zake hawajamtupa. Wanakuja. Wanakaa nusu saa, wanazungumza kwa sauti ya juu kana kwamba na masikio yamekwenda, na kila anachosema wanakikubali. Juzi asubuhi alikuja muuza nyama na nyama ya maini ya zawadi, akaketi kando ya kitanda. Baba alikuwa ameelekea dirishani, joto la jua linampiga usoni. Mji mzima hapa unajua kwamba jua huchomoza nyuma ya Gihosha, kwenye milima yetu, na huzama Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mtoto wa miaka miwili analijua hilo.

"Rafiki," baba alisema, "leo jua imetoka muzuri, kule Kongo."

Nilisimama mlangoni na sahani ya maini. Nikamwomba Mungu yule mtu acheke.

"Ego, mzee," muuza nyama akaitikia kwa Kirundi, kwa upole. "Imetoka muzuri kabisa."

Baba akajifunika shuka, akageukia ukuta.